Pikipiki ya farasi 123 kwenye barabara za Dodoma

Swali: Shikamoo fundi. Nina miaka 36, naishi Kisasa hapa Dodoma. Nimeendesha pikipiki miaka 14. Nilianza na 125, sasa nina 250 ya vumbi inayonipeleka saiti Chamwino na Kongwa. Nimepata Triumph Street Triple 765 RS ya mwaka 2018, iko Dar es Salaam, imetembea kilomita 21,000. Kuna pia Yamaha MT-07 ya mwaka huohuo, bei yake iko chini sana. Moyo wangu uko kwa Triumph, injini yake ndiyo iliyoniteka. Ni ya safari za wikiendi, Iringa na Babati. Kwa mtu mwenye uzoefu wangu, inafaa kwa mazingira yetu? Halafu, inabeba wawili? Mke wangu hupenda tukienda pamoja.

Jibu: Marahaba, mdogo wangu. Inafaa. Ila barua yako inaisifia injini, na mimi nakushauri uinunue kwa ajili ya breki zake na shokapu zake. Kama baada ya kuilipia hutabaki na fedha ya tairi mbili mpya, iache hapo ilipo mpaka fedha hiyo ipatikane. Ningemwambia mdogo wangu wa damu hivyohivyo.

Nianze na injini, maana ndiyo iliyokuteka. Ni silinda tatu zilizopangwa mstari mmoja, cc 765. Ilitoka mwaka 2017 ikirithi ile ya cc 675 iliyoanza 2006, na tangu 2019 injini za jamii hiyohiyo ndizo zinazosukuma pikipiki zote za mashindano ya dunia ya Moto2. Kiwanda kinaipa RS ya mwaka wako nguvu za farasi 123 kwenye mizunguko 11,700 kwa dakika, na nguvu ya kuvuta Nm 77 kwenye mizunguko 10,800. Hizo ni hesabu za hewa nzito ya usawa wa bahari. Dodoma tuko juu ya mita 1,100, na hewa yetu ni nyepesi kuliko ya Dar kwa zaidi ya sehemu moja ya kumi. Kompyuta ya pikipiki itapunguza mafuta ili mchanganyiko ukae sawa, lakini haiwezi kuvuta hewa ambayo haipo. Ukikabidhiwa leo ukaipanda hapa Kisasa, unapanda farasi kama 110, na mchana wa Oktoba wanapungua tena kidogo kwa sababu ya joto.

Hata hao 110 ni wengi mno. Kutembea kilomita 100 kwa saa kwenye tambarare ya kwenda Bahi, pikipiki ya umbo hili inatumia farasi wasiozidi 20. Wengine wote wamelala, na wanaamka wote kwa pamoja ukikunja kifundo cha mkono vibaya. Gia ziko sita, na ya pili peke yake inakupitisha kilomita 100 bila shida. Mahali ambapo injini hii inafikia utamu wake, huko juu ya mizunguko 8,000, ni mahali ambapo barabara zetu, sheria zetu na ng'ombe wetu havikuruhusu kukaa. Utapaonja sekunde mbili tatu unapolipita lori, kisha unarudi chini.

Hapo ndipo MT-07 inapojitetea vizuri kuliko bei yake inavyoonyesha. Ni silinda mbili, cc 689, farasi kama 74, Nm 68. Ila hizo Nm 68 zinafika kwenye mizunguko 6,500 tu. Ukiwa nyuma ya lori la mahindi linalotoka Kibaigwa, uko gia ya nne, mbele kumefunguka, unafungua akseleta na inaondoka. Ile Triumph nayo itaondoka, lakini ikupe kila ilichonacho lazima ushushe gia moja, pengine mbili. Kuna watu wanaopenda kazi hiyo ya mguu na mkono, mimi ni mmoja wao. Kuna wanaochoka nayo kabla ya kufika Gairo. Jijue uko upande gani.

Sasa uzoefu wako. Miaka 14 si kidogo, na mtu aliyejifunzia kwenye mchanga ana kitu ambacho wa lami hawana: hashtuki pikipiki ikicheza chini yake. Lakini mchanga umekufundisha pia mambo mawili ambayo hapa yatakuumiza. La kwanza ni kutegemea breki ya nyuma. Kwenye kokoto breki ya mbele unaiogopa, na una haki. Kwenye lami kavu mambo yanageuka: uzito wote unahamia gurudumu la mbele, la nyuma linabaki jepesi, na karibu kazi yote ya kusimama inafanywa na mkono wa kulia. RS ina diski mbili za milimita 310 mbele zilizofungwa kalipa za Brembo M50, na ni breki za kiwango ambacho mimi na wewe hatukuwahi kukigusa tulipokuwa na 125. Vidole viwili vinatosha. Ukizikamata kwa hofu, kwa ghafla, ABS itakuokoa usifunge tairi, lakini umbali utakuwa umeupoteza. Zinataka uzikamue: kwanza zishike kidogo mpaka shokapu za mbele zizame, kisha ongeza.

La pili ni mwendo. Pikipiki yako ya 250 inakueleza mwendo wake kwa kelele na mtetemo. Ukifika 110 mwili mzima unajua. Hii haikwambii. Utatazama dashibodi ukidhani uko 90 na utakuta 130. Nakupa hesabu ambayo huwa nawaandikia watu kwenye karatasi. Kwa kilomita 100 kwa saa unakwenda mita 28 kila sekunde. Punda akikatiza, sekunde moja ya kuona na kuamua imeshakula mita 28, na breki nzuri kwenye lami kavu inakula nyingine kama 49. Jumla 77. Kwa kilomita 140, sekunde hiyo inakula mita 39 na breki 96. Jumla 135. Umeongeza mwendo kwa chini ya nusu, na umbali wa kusimama umekaribia mara mbili. Punda ni yuleyule, na kichaka alichotokea ni kilekile.

Kwa hiyo mwezi wa kwanza usiende Iringa. Omba ruhusa ya uwanja mpana wa lami usio na watu, asubuhi, upange mawe mawili ya alama, ujifunze kusimama kutoka 40, kisha 60, kisha 80, mara 20 kila siku ya mazoezi, mpaka mkono ufanye bila kuuliza kichwa. RS ina mipangilio mitano ya uendeshaji. Weka ule wa mvua hata kama jua linachoma, ukae nao wiki kadhaa. Unalainisha jibu la akseleta na kuongeza ulinzi dhidi ya tairi kuteleza. Nimeona waendeshaji wazuri wakiuonea aibu mpangilio huo kwa sababu ya jina lake. Mimi mwenyewe huutumia kila ninapopita sehemu yenye mchanga uliomwagwa na malori.

Shokapu ndiyo sehemu ninayotaka uisome taratibu, kwa sababu ndiyo itakayoamua kama utaipenda pikipiki hii au utaiuza baada ya miezi minne. Mbele ina Showa zenye mwendo wa milimita 115, nyuma Öhlins yenye gurudumu linalosafiri milimita 131. Pikipiki ya vumbi ya cc 250 huwa na karibu mara mbili ya hapo. Maana yake, tuta la Mbande ambalo ulikuwa unalivuka umesimama kwenye vikanyagio huku unatafuta sigara mfukoni, kwa hii utalivuka kwa gia ya kwanza, kwa heshima. Na zile rasta zinazotangulia matuta, mistari ile minene mitano sita, zitakuingia mpaka kwenye meno.

Habari njema ni kwamba shokapu hizi zinarekebishika zote, mbele na nyuma. Na wengi wanaozinunua hapa kwetu hawazigusi kabisa, wanaendesha kama zilivyotoka kwa mwenyewe wa kwanza, ambaye pengine alikuwa na kilo 95 na aliziendesha kwenye kiwanja cha mashindano. Fanya hivi. Inua pikipiki gurudumu lining'inie, mpime umbali kutoka ekseli mpaka alama mliyoiweka juu. Ishushe, upande ukiwa na helmeti, koti na buti zako, miguu juu ya vikanyagio, mtu mwingine akiishika, mpime tena. Tofauti ya vipimo hivyo viwili ndiyo kiasi ambacho pikipiki imekaa chini kwa uzito wako. Milimita 30 hadi 35 ni mahali pazuri pa kuanzia. Ikiwa imekaa zaidi, kaza springi. Ikiwa imekaa kidogo mno, legeza. Ukimaliza hapo, nenda kwenye skrubu za kuzuia mwendo wa shokapu. Kabla hujagusa, zifunge mpaka mwisho huku ukihesabu milio, andika idadi, zirudishe zilipokuwa. Ukishaandika huwezi kupotea. Kisha legeza zile zinazozuia shokapu inapokandamizwa, milio miwili mitatu, uende mpaka Mtumba na kurudi, usikilize mgongo wako. Jambo hili halina gharama zaidi ya asubuhi moja, na linabadilisha pikipiki kuliko bomba la moshi lolote utakalouziwa.

MT-07 ya 2018 haina nafasi hiyo ya kurekebisha shokapu za mbele. Springi yake ni laini kiasi, na kwa rasta na matuta ya Morogoro ulaini huo unapendeza. Ukifika kwenye kona za Nyang'oro ukiwa na haraka, ndipo utaiona ikipiga magoti kila unaposhika breki.

Na Nyang'oro ndiyo sababu nimekwambia Triumph inafaa. Dodoma watu wanadhani ni tambarare tu. Toka mjini, pita Mlowa, Fufu, Chipogoro, vuka Mtera juu ya bwawa, halafu kutoka Migoli barabara inaanza kupanda kuelekea Iringa. Pale lami inajikunja mlimani kona kwa kona, na pikipiki yenye kilo 166 kavu, ambayo ukiijaza kila kitu inakaribia 190, inaingia kona kwa kusukuma tu mkono mmoja wa usukani. Upande wa kaskazini, ukishapita Kondoa na Kolo, vilima vya Bereko mpaka Bonga vinakupa raha ileile kabla ya kuteremka Babati. Hapo hutahitaji kwenda kasi kubwa ili ufurahi. Kilomita 70 kwa saa kwenye kona iliyochaguliwa vizuri, ukiona mwisho wake, breki imemalizika kabla ya kuinama, macho yako mbele ya tairi: raha hiyo ndiyo ninayoitafuta kila Jumamosi tangu nilipoijua. Kumbuka tu kwamba nyuma ya kona yoyote pale kuna lori linalopanda kwa gia ya kwanza, na likiwa limekufa, onyo lako ni matawi ya miti yaliyotandazwa lamini. Ukiona matawi, funga akseleta.

Kuhusu upepo hujauliza, na ulipaswa kuuliza. Pikipiki za aina hii hazijavalishwa kava za mbele, kwa hiyo kifua chako ndicho kinachopasua hewa. Kati ya Juni na Oktoba, kati ya hapa na Mtera, upepo wa ubavuni utakusukuma kutwa. Mtu akiogopa hukaza mikono, na usukani mpana unapeleka kila mtikisiko wa mwili wake kwenye gurudumu la mbele, pikipiki inaanza kuyumba, anazidi kukaza. Bana tenki kwa magoti, inama kidogo, legeza viwiko. Mwache upepo akupige wewe, asipige usukani kupitia kwako. Kilomita 100 mpaka 110 ndio mwendo ambao shingo inavumilia kwa saa mbili. Ukikutana na basi uso kwa uso, tarajia makofi mawili, la kukusukuma na la kukuvuta.

Sasa tairi. RS ilitoka kiwandani na Pirelli Diablo Supercorsa SP, tairi ambazo asili yake ni mashindano. Zinang'ang'ania lami kama gundi zikiwa zimepata moto. Zina mifereji michache, zinaisha haraka, na kwenye lami yenye vumbi jembamba la kwetu au mvua ya kwanza ya Desemba si rafiki. Wewe unataka tairi za safari za michezo, kama Michelin Road au Metzeler Roadtec, kipimo 120/70 mbele na 180/55 nyuma, rimu 17. Ni kipimo hichohicho cha MT-07, kwa hiyo gharama hii haikwepeki kwa kuchagua Yamaha. Kwenye ubavu wa tairi tafuta tarakimu nne za mwisho za alama ya DOT: 1719 maana yake wiki ya 17 ya mwaka 2019. Pikipiki ya kilomita 21,000 inaweza kuwa na tairi zenye kina kizuri kabisa ambazo mpira wake umekauka miaka mingi iliyopita. Macho yatakudanganya, tarakimu hazitakudanganya.

Tena ni tairi zisizo na tyubu. Miaka ya nyuma nilipata msumari karibu na Fufu nikiwa na pikipiki kubwa, na sikuwa nimebeba chochote. Vijana wa pale walinisaidia kwa moyo wote, lakini vifaa vyao vilikuwa vya tairi za bodaboda: chuma cha kubandulia, viraka, gundi. Tulipojaribu kuibandua tuliikwaruza rimu, na nikarudi Dodoma juu ya kenta iliyobeba vitunguu. Tangu siku hiyo sitoki nje ya mji bila vijiti vya kuzibia tundu kutoka nje na pampu ndogo inayotumia betri ya pikipiki. Vinaingia chini ya kiti. Ukiwa navyo, msumari ni dakika 15.

Mafuta hayanitishi. Tenki la RS yako ni lita 17.4, ukienda kwa utulivu inakula kama lita 5 kwa kilomita 100, kwa hiyo Iringa, kilomita 260 hivi, unafika bila kusimama na akiba inabaki. MT-07 inabeba lita 14 na inakula kidogo kuliko hapo. Jaza kwenye vituo vyenye magari mengi, acha yale ya chupa pembeni mwa barabara. Injini hizi zina sindano za mafuta zenye matundu membamba mno, maji na uchafu ndivyo vinavyoziua.

Utunzaji ni mahali pengine pa kuwa mkweli na nafsi yako. Kwa Triumph hii, kipimo cha nafasi ya valvu hukaguliwa kila kilomita 20,000. Uliyoipata ina 21,000. Muulize muuzaji: ilifanyika, na karatasi iko wapi? Kama haikufanyika, ni kazi ya kufungua tenki, boksi la hewa na kifuniko cha juu cha injini, na inataka fundi mwenye vipimo vya milimita na spana inayopima nguvu ya kukaza. Mafundi hao wapo, lakini si kila kona. Mtafute na uongee naye kabla ya kununua. Kwa MT-07 kazi hiyo inakuja kila kilomita 40,000, na injini yake ina silinda moja pungufu. Kama wewe ni mtu wa kuahirisha matengenezo, na hapa jibu lako lisisikike na mwingine yeyote, chukua Yamaha na usiangalie nyuma.

Oili: 10W-40 ya pikipiki yenye alama JASO MA au MA2. Usikubali oili ya gari hata ukiambiwa ni ghali zaidi. Klachi ya pikipiki hizi imelowa ndani ya oili ileile ya injini, na oili nyingi za magari zina dawa za kupunguza msuguano ambazo zitaifanya iteleze. Kichujio cha hewa kikague mara mbili ya kitabu kinavyosema. Vumbi letu jekundu ni jembamba mno. Cheni ifute na kuipaka mafuta kila kilomita 500, jioni ikiwa ya moto, kiasi kidogo, kwa sababu mafuta mengi yakikutana na vumbi yanageuka msasa. Rejeta iko nyuma ya gurudumu la mbele na inapokea kila kokoto, ifungie wavu wa chuma. Na agiza mapema vile vitu ambavyo pikipiki ikianguka imesimama tu nyumbani vinavunjika: leva ya breki, leva ya klachi, kikanyagio cha gia. Kusubiri leva ya breki wiki sita kwa sababu mtoto aliegemea pikipiki uani ni uchungu ambao sitaki uupate.

Ukienda Dar kuikagua, mwambie muuzaji asiiwashe kabla hujafika, na ukifika weka mkono kwenye injini. Ikiwa ya moto, jiulize ni ugumu gani wa kuwaka uliokuwa unafichwa. Tazama ncha za usukani, leva, vifuniko vya injini na vikanyagio. Mikwaruzo upande mmoja ni kuanguka polepole, hilo si kosa kubwa. Kisha geuza usukani mpaka mwisho kushoto na kulia, uchungulie pale unapogotea kwenye fremu. Chuma kilichobonyea au rangi iliyopasuka hapo ni ajali, na hapo shukuru, rudi nyumbani. Futa nguzo za shokapu za mbele kwa kitambaa cheupe, kikitoka na oili sili zimekwisha. Inua mbele, zungusha usukani polepole. Ukihisi unakwama kidogo katikati kama umeingia kwenye kishimo, beringi za usukani zimekufa. Funguo zidai mbili, kwa sababu zina chipu na kutengeneza nyingine ni safari. Namba ya chasisi ilingane na kadi na karatasi za forodha, herufi kwa herufi. Leseni yako nayo itazame: kama ni A1, hiyo ni ya pikipiki ndogo za 125. Utahitaji daraja A, la sivyo bima kubwa uliyoilipia itakukimbia siku unapoihitaji.

Ile 250 usiiuze. Najua kishawishi kitakuja, maana fedha yake ingelipa tairi. Lakini saiti za Kongwa hazina lami, na Street Triple kwenye njia ya changarawe ni mateso kwako na kwayo. Kama lazima ubaki na moja tu, basi ibaki ya vumbi.

Nimemwacha shemeji mwisho kwa sababu na wewe umemtaja mwisho, mstari mmoja, na nadhani anastahili zaidi ya hapo. Kiti cha nyuma cha RS ni kipande kidogo kilichoinuliwa juu, magoti yake yatakunjwa, hana cha kushika ila wewe, na kila ukikamata zile breki nzuri nilizokusifia atakuangukia mgongoni. MT-07 haimpi nafuu ya maana. Kwenda Ihumwa kula nyama na kurudi, sawa. Kilomita 260 mpaka Iringa, hapana. Kama safari mnazoziota ni za wawili kweli, acha zote mbili, tafuteni pikipiki ya safari yenye kiti kirefu na vishikio, na injini ya kutosha mnaweza kuipata humohumo: Yamaha Tracer 700 ina injini ileile ya MT-07. Kwa hiyo kabla hujatuma hata shilingi ya kushikia mali, nenda naye Dar. Apande nyuma ukiwa umekaa mbele, pikipiki imesimama, wote mmevaa helmeti, mkae hivyo dakika 10 bila kushuka. Kisha umuulize yeye.